Hamali wa Damu ni Mlinzi Pia

Kila aliyepita skuli analikumbuka funzo hili: chembe nyeupe za damu ni askari, na chembe nyekundu ni hamali. Askari hupigana na maradhi. Hamali huichukua oksijeni mapafuni na kuifikisha viungoni. Funzo hilo si la uongo, lakini ni pungufu. Na upungufu wake si jambo la kuwaachia mabingwa peke yao, kwani unagusa namna tunavyowatibu watoto wetu wenye homa, namna mahututi wanavyoongezwa damu, na namna Serikali inavyopanga huduma za afya Unguja na Pemba.

Chembe nyekundu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, kiasi cha milioni 2 kwa kila sekunde, na kila moja huishi siku 120 hivi. Hakuna chembe nyingine mwilini zilizo nyingi kama hizi, wala zinazopita kila pembe mara nyingi kiasi hiki. Basi ingekuwa ajabu kama viumbe hawa, wanaokutana na kila adui aingiaye damuni, wangempita bila ya kumgusa.

Kwa hakika hawampiti. Mwaka 1953 mtaalamu wa Marekani, Robert Nelson, alionesha kuwa bakteria waliokwisha kushikwa na kinga ya mwili hunata juu ya chembe nyekundu, na wakishanata humezwa kwa wepesi zaidi na chembe nyeupe. Baadaye ikafahamika kuwa chembe nyekundu huchukua mabaki ya vita hivyo hadi kwenye ini na bandama, huyatua huko, kisha hurejea safarini. Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitangaza jambo jingine: chembe nyekundu zinaweza kunasa vinasaba vya vijidudu vinavyoelea damuni. Mzigo ukizidi, chembe hubadilika umbo, humezwa na walinzi wa mwili, na king'ora cha hatari hulia mwili mzima. Hali hiyo ilionekana kwa wagonjwa mahututi wa sumu ya damu na wa Covid-19. Kumbe mahututi anaweza kupungukiwa na damu pasipo kuvuja hata tone moja, kwa kuwa chembe zake zinateketea kazini.

Sisi watu wa pwani tuna sababu ya pekee ya kulizingatia jambo hili, kwani damu zetu zimeandikwa historia ya malaria. Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyekulia Kenya, alibaini kuwa urithi wa selimundu ni mwingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni haba katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake: mwenye kuurithi kutoka kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria. Utafiti uliofuata umethibitisha kuwa kinga hiyo dhidi ya malaria kali ni kubwa mno. Jirani zetu wa Kilifi nao wametoa somo jingine. Huko baadhi ya watu wana aina ya damu iitwayo Dantu, na mwaka 2020 watafiti walieleza siri yake: ngozi ya chembe zao nyekundu imekazika zaidi, hata kimelea cha malaria hupata taabu kuipenya. Hapa mlinzi hakuhitaji silaha. Ukuta wenyewe ulitosha.

Lakini ngao hii ina gharama. Mtoto anayerithi selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili hapati hifadhi, bali hupata maradhi. Chembe zake hupinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo, na huiua bandama yake angali mdogo. Bandama ikifa, bakteria wa homa ya mapafu huweza kumwangamiza mtoto kwa muda wa saa chache. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na maradhi haya. Na dawa ya kuwalinda si ya anasa: mwaka 1986 ilithibitishwa kuwa penisilini, ikitolewa kila siku tangu utotoni, hupunguza sana mashambulizi hayo. Linalotakiwa ni kumjua mtoto mapema, kabla homa ya kwanza haijamjua.

Somo kubwa kuliko yote, hata hivyo, limetoka Pemba. Safura na upungufu wa damu si wageni kisiwani humo, na ilionekana ni busara kuwapa watoto wadogo vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, maana damu haitengenezeki bila ya chuma. Maelfu kwa maelfu ya watoto wa umri usiozidi miaka mitatu waliingizwa katika utafiti ulio miongoni mwa mikubwa ya aina yake duniani. Mwezi Agosti 2003 utoaji wa chuma katika utafiti huo ulisimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionesha kuwa watoto waliopewa chuma walilazwa au kufariki zaidi, kwa asilimia 12, kuliko wenzao ambao hawakupewa. Lakini pale watoto walipopimwa, na malaria yao ikatibiwa mapema, wale waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walifaidika.

Sababu mojawapo inayotolewa ni kuwa vijidudu navyo vinahitaji chuma ili vizaliane. Mwili wenye homa huficha chuma chake makusudi, kama mwenye duka afungaye mlango wakati wa fujo. Anayemlazimisha kufungua huenda akawanufaisha wezi. Kwa ajili ya Pemba, Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake, na leo husisitiza kuwa katika maeneo ya malaria chuma kiambatane na kinga na tiba ya malaria.

Hata kuongeza damu kunataka hadhari. Utafiti uliofanywa Uganda na Malawi, matokeo yake yakatolewa mwaka 2019, ulihusu watoto zaidi ya 3,000 waliopungukiwa sana na damu. Wale wasiokuwa na dalili za hatari hawakupata faida ya ziada kwa kuongezwa damu papo hapo, mradi waliangaliwa kwa karibu na kuongezwa hali ilipobadilika. Tena, damu nyingi iliwafaa watoto wasiokuwa na homa, ikawadhuru waliokuwa na homa. Damu ni dawa, na kila dawa ina kipimo chake.

Tunayaeleza haya kwa kuwa Zanzibar imepiga hatua. Tangu dawa mseto zilipoanza kutolewa mwaka 2003, na vyandarua na upulizaji wa majumbani vikafuatia, malaria imepungua sana. Lakini haijatoweka, na kila masika hutukumbusha. Kadhalika, urithi wa selimundu hauondoki kwa sababu mbu wamepungua. Ngao imebaki, gharama yake imebaki, ila vita vyenyewe ndivyo vilivyopungua.

Kwa hiyo tunaikumbusha Serikali mambo matatu. Kwanza, uchunguzi wa selimundu kwa watoto wachanga ufike kila wanapozaliwa, na penisilini isikosekane. Pili, vituo vya afya viwe na uwezo wa kupima wingi wa damu na malaria kabla ya mtoto kupewa dawa ya kuongeza damu. Tatu, akiba ya damu salama isitegemee jamaa wanaokimbizana hospitalini usiku.

Kwa upande wa wananchi, tunasema wazi. Mzazi asinunue dawa ya kuongeza damu dukani kwa kuwa tu mtoto amepauka, ampeleke akapimwe. Degedege si shetani wala ndege wa usiku. Huenda ni malaria iliyofika kichwani, na saa moja ina thamani. Na kijana mwenye afya ajitokeze kutoa damu, mwanamme kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Umati unaofurika uwanja wa Amaan siku ya mpira, ukijitolea japo sehemu yake ndogo, ungeweza kuziokoa roho nyingi katika wodi za Mnazi Mmoja na za Pemba. Uboho utairejesha chembe iliyotolewa. Mtoto aliyeikosa harejei.