Si kila mlima unaofaa kuhifadhia umeme

UMEME ni bidhaa isiyowekwa ghalani. Ukizalishwa usiku wa manane bila wa kuutumia, hupotea. Kenya inalijua hilo: mitambo ya upepo ya Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, yenye uwezo wa megawati 310, imelazimika kupunguzwa nyakati za usiku upepo unapovuma vizuri, kwa kuwa wananchi wamelala.

Tiba mojawapo ni kujenga mabwawa mawili, moja juu na jingine chini. Umeme wa ziada hupandisha maji usiku. Jioni inayofuata, taa zinapowashwa, maji huachiliwa yateremke na kuzungusha mitambo. Takriban robo ya kawi hupotea njiani, nayo robo tatu ni afadhali kuliko kukosa yote.

Ugumu upo katika kuchagua mahali. Kwanza ni kimo. Mita moja ya ujazo ya maji ikiteremka mita 370 hubeba takriban yuniti moja tu ya umeme. Kimo kikipungua nusu, bwawa sharti liwe maradufu. Pili, mabwawa yakaribiane, kwani kila kilomita ya handaki ni fedha. Mlima mrefu wenye mteremko wa pole, hata ukivutia watalii, haufai.

Afrika Kusini ilipata pazuri Ingula, kwenye ukingo wa milima ya Drakensberg. Kituo hicho cha megawati 1,332, kilichokamilika 2017, kina tofauti ya kimo ya zaidi ya mita 400 baina ya mabwawa yasiyoachana hata kilomita tano. Hata hivyo, palikuwa na ardhioevu yenye ndege adimu, na wahifadhi wakalalamika. Ardhi iliyozunguka mradi ikaishia kuwa hifadhi, ambayo 2021 iliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Nchini Kenya, macho huelekea kingo za Bonde la Ufa. Kimo kipo, na mvuke wa Olkaria hauko mbali. Lakini bonde hilo ni zao la nyufa za ardhi, na bwawa juu ya mwamba uliopasuka huvuja. Miteremko nayo huporomoka, kama ilivyoshuhudiwa Pokot Magharibi Novemba 2019, makumi ya watu walipofariki. Isitoshe, chini ya kingo hizo wanaishi watu na mifugo yao, ambao hutegemea mito hiyo hiyo.

Halafu kuna nyaya. Mitambo ya Loiyangalani ilikuwa tayari 2017, ila ilikaa bure hadi Septemba 2018 ikisubiri laini ya takriban kilomita 430 kufika Suswa.