Bwana yako yuko Somalia. Je, jina lako liko kambini?

Wasee, mapenzi ya mbali si kitu kigeni hapa Huruma. Kuna mwenye bibi Qatar, kuna mwenye bwana bandarini Mombasa, na kuna wale wa Rongai ambao nauli ikipanda wanajiita wa mbali pia. Lakini leo naongea na wewe ambaye mtu wako amevaa magwanda na amevuka mpaka. Mapenzi yako yana sheria zake, na kuna moja ambayo wengi huijua wakiwa wamechelewa.

Ukipita Juja Road unauona ukuta wa Moi Air Base. Helikopta zikinguruma watoto wa ploti hukimbia nje kupunga mikono. Wewe huangalii juu. Unaangalia simu.

Simu ya dakika tatu

Tuseme ni wewe. Unaishi ghorofa ya tano pale Ngei, maji unapandisha kwa mtungi, mtoto anaota meno. Bwana yako ana miezi tisa huko. Saa ya Mogadishu na saa ya Nairobi ni moja, kwa hivyo giza likiingia kwako limeingia kwake pia. Lakini ukimpigia unaambiwa hapatikani kwa sasa. Siku nne. Wiki. Kisha usiku mmoja nambari usiyoijua inaita, na ni yeye.

Mnaongea dakika tatu. Anauliza mtoto amekula nini, kodi imelipwa, yule jirani wa kelele alihama? Unamuuliza yuko wapi, anacheka. Unamuuliza anarudi lini, anasema "Mungu akipenda." Simu inakatika. Unabaki ukijiuliza kama huyu mtu bado ananipenda ama ananipigia tu kwa sababu ya mtoto.

Tulia kidogo. Mwanajeshi aliye vitani haruhusiwi kutaja kambi yake, siku ya msafara wala tarehe ya likizo. Neno moja likisikika na adui, gari zima linaweza kukanyaga bomu. Halafu kuna shida ya netiweki. Hata upande wetu wa mpaka, Mandera, Wajir na Garissa, Al-Shabaab wamelipua milingoti ya simu mara kadhaa. Kimya chake si lazima kiwe na msichana ndani yake.

Na hebu sikiza tena yale maswali yake. Mtu ambaye hawezi kukuambia chochote kuhusu siku yake anakuuliza bei ya unga. Anataka kujua kama ile taa ya ngazi ilirekebishwa, kama bado unanunua chapo kwa yule mathee wa kona. Anaijenga keja yenu kichwani, kitu kimoja kimoja, ili ajue atarudi wapi. Huko ndiko kukumisi kwake. Kwa hivyo akipiga usimpe maswali tu, mpe stori za nyumbani, hata zile unazoona ni za upuzi.

Guka zetu walipitia hii

Kama mwaka wa 2011 ulikuwa bado unavaa sare ya primari, nikukumbushe. Wanajeshi wa KDF waliingia Somalia Oktoba mwaka huo, oparesheni ikiitwa Linda Nchi. Mwaka wa 2012 wakaingizwa katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, na mwaka huo huo mji wa Kismayu ukatekwa. Mwaka wa 2022 AMISOM ikawa ATMIS, na 2025 ikawa AUSSOM. Majina yamebadilika, ila vijana wetu bado wanapangiwa zamu za kwenda.

Lakini Eastlands ilijua vita vya mbali kitambo. Kariokor, pale unaponunua kiondo na nyama choma, ilipata jina kutokana na Carrier Corps, wale wabeba mizigo wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Soko la Burma, kule Jogoo Road, linakumbusha Vita vya Pili, wakati Wakenya karibu 98,000 waliingia jeshi la Mwingereza na wengi wakapelekwa kupigana na Wajapani katika misitu ya Burma.

Wao hawakuwa na simu. Walikuwa na barua, na barua zilisomwa na wakaguzi wa jeshi kabla hazijafika nyumbani. Asiyejua kuandika alimwomba mwenzake amwandikie. Sasa utamwambiaje bibi yako unavyomtamani, na wanaume wawili wanasoma? Ndio maana barua za enzi hizo zilijaa salamu: mimi ni mzima, wasiwasi ni kwako, nisalimie fulani na fulani, ng'ombe wanaendeleaje. Ni ile ile simu ya dakika tatu.

Wengine hawakufika hata vitani. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldives. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wakiwemo askari wengi wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Fikiria wale wanawake kijijini wakingoja barua kutoka kwa mtu ambaye tayari alikuwa chini ya bahari.

Habari mbaya humpigia nani?

Hapa ndipo nilitaka tufike. Tarehe 15 Januari 2016, alfajiri, Al-Shabaab walivamia kambi ya KDF kule El Adde. Serikali yetu haikutangaza idadi kamili ya waliokufa. Rais wa Somalia wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alisema kwenye runinga kuwa walikuwa karibu 200, na Kenya ikamkana. Miili mingine ilibidi itambuliwe kwa DNA. Siku hizo familia nyingi zilikaa na simu mkononi zikingoja iite.

Sasa jiulize: ikiwa ni bwana yako, ingeita simu ya nani?

Jeshi linafuata majina yaliyo kwenye faili. Kijana akijiunga akiwa na miaka 20, hana bibi, anaandika jina la mamake. Miaka mitano baadaye amekupata wewe, mmeweka kitanda na meko pamoja, mna mtoto. Kama hakurudi ofisini kubadilisha rekodi, simu itaenda kijijini. Wewe utasikia kutoka kwa binamu, ama utaiona WhatsApp.

Na usijidanganye na "njoo tuishi". Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kuishi pamoja hakumo. Januari 2023 Mahakama ya Juu nayo ilisema wazi kuwa kudhaniwa mko kwenye ndoa kwa sababu tu mmeishi pamoja ni jambo la nadra, lenye masharti magumu. Ukienda kudai kama mjane ukiwa na picha za harusi ya rafiki yenu na fulana yake ya PT, utalia na hutapata kitu.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Ya kiserikali inafanywa kwa Msajili wa Ndoa, Sheria House, na maombi yanaanzia eCitizen. Lakini lazima notisi ikae siku 21 kwanza. Msipojipanga mapema, likizo itaisha kabla hamjasimama mbele ya msajili. Kama mlishalipa ruracio ama ayie, ndoa ya kimila pia inasajiliwa, tangu Agosti 2017. Mliooana kwa imamu, hakikisheni cheti kipo. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiwe na jina la baba. Baada ya hapo yeye apeleke nakala kambini, abadilishe faili, na akuambie ameandika nani.

Najua hii stori haina romansi. Najua pia ukiianzisha anaweza kukuuliza, "Kwani unaningojea nife?" Mwambie hapana. Mwambie unangoja arudi, na kwamba mtu anayengoja anastahili kuambiwa, iwe habari njema ama mbaya.

Na wewe afande, kama unasoma hii kwa simu ya kuazima, mkikaa foleni: najua umemmisi. Najua huwezi kumwambia uko wapi. Lakini jina lake unaweza kuliandika, na hiyo haihitaji netiweki. Zungumza na mamako pia, umweleze kwamba bibi yako si adui wa kumnyang'anya kijana wake, kwa sababu siku mbaya ikija hao wawili watahitaji kukaa kwa benchi moja.

Simu ikiita usiku wa leo, mwambie kwanza meno ya mtoto yamefika mangapi. Halafu, kabla dakika tatu hazijaisha, muulize kuhusu hilo faili.