Mgonjwa wa Presha na Tabibu Wake wa Karibu

Katika maradhi yanayowaandama wakazi wa Jangwani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, presha ya kupanda ina hila yake ya peke yake, nayo ni kwamba aghalabu haiumi. Mchukuzi wa mizigo sokoni, au mama auzaye nguo Mtaa wa Kongo, aweza kukaa nayo miaka mingi pasipo kuhisi dalili yoyote, ilhali moyo, figo na mishipa ya ubongo inadhurika, hata siku moja kiharusi kikamwangusha.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000, uliowatazama watu wazima wa Ilala na wa kijiji cha Shari wilayani Hai, ulionyesha kwamba katika kila wenye presha 100, wasiotimia 20 ndio waliojijua kuwa nayo, takriban 10 walisema wanatibiwa, na ambao presha yao imetulia hawakufika hata mmoja. Uchunguzi mwingine wa Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2008, ulifuatia watu 161 wasiokuwa katika tiba, ambao walishauriwa kwa kinywa na kwa maandishi waende kwa tabibu. Miezi 12 ilipopita, kiasi cha theluthi moja tu walikuwa wamekwenda, na waliokuwa bado wakitumia dawa walikuwa 3 katika 100.

Mwenye pupa atawahukumu wagonjwa kwa uzembe, lakini insafu yataka tuyatazame mambo kwa macho yao. Mtu anayeishi kwa kipato cha siku akipanga foleni ya kliniki tangu alfajiri hupoteza riziki ya siku ile. Akifika mbele akapimwa bila kuambiwa presha yake ni ngapi, akaandikiwa vidonge ambavyo havipo dirishani, akaelekezwa akanunue duka la dawa, huondoka akiwa na cheti mkononi na shaka moyoni. Kichwa kikiwa chepesi hudhani amepona, akaacha dawa, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba vidonge hivi huituliza presha wala haviiondoi, na kwamba kipimo cha 140 kwa 90 kikirudiarudia ni hatari hata kwa ajionaye mzima.

Hospitali ya Muhimbili haiko mbali na Jangwani, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete imekuwako huko tangu mwaka 2015. Walakini heri ya mgonjwa ni kutofikishwa huko, na heri hiyo hupatikana katika zahanati ya mtaani. Muuguzi anayemwamkia mzee shikamoo, akamtajia kipimo chake, akamwuliza kuhusu chumvi na kuhusu uwezo wake wa kununua dawa, hafanyi hisani iliyo nje ya kazi, bali ndiyo tiba yenyewe. Kwa maana maradhi yasiyouma hayamrudishi mtu kliniki, na kinachomrudisha ni yakini kwamba aliyempokea anamjali na amemwambia kweli.