Wakati wafanyakazi wanacheza mbele ya shefu

Ndugu zangu wa mugodi, na bamama wenye munatungojea ku nyumba: leo sitasema juu ya mishahara. Ao nitasema, lakini kwa kuzunguka, juu ya komedi moja ya muzee Shakespeare, Mwingereza mwenye alikufa mu 1616.

Ile muchezo inaitwa Le Songe d'une nuit d'été. Watu wengi wanazani ni habari ya wapenzi na pepo za pori tu. Mimi nilishika watu sita: fundi wa mbao, mwenzake wa meza na viti, mufumaji, mushonaji, mutengenezaji wa masufuria, na mwenye kutengeneza mivukuto, kile chombo wazee wetu walitumia kwa kuyeyusha shaba.

Shefu wa muji anataka kuoa. Hawa sita wanasema: tumuchezee tiyatre ku ndoa. Wanaenda kujizoeza usiku mu pori, juu mu muji watu watawafwata na siri itajulikana. (Sisi wa sendika tunajua mambo ya kukutana pembeni.) Mufumaji, jina yake Bottom, anataka kucheza kila kitu: bwana, bibi, hata simba. Kila ekipe iko na mutu wa vile. Mwenye kupewa simba anaomba maneno yake mbele, juu kichwa yake ni muzito kwa kujifunza. Wanamujibu: hakuna maneno, ni kunguruma tu. Kisha woga unaingia: simba akitisha bibi wakubwa, watatunyonga sisi wote! Basi simba atatoa uso inje na kusema yeye ni fundi tu. Watu wanachekaka sana hapo. Lakini mwenye alisimama siku moja mbele ya direksiyo na barua ya malalamiko mu mukono, anajua ile woga.

Pepo moja anamuvalisha Bottom kichwa ya punda, na anapotea. Wenzake wanalia. Mumoja anasikitika: kama Bottom angecheza, shefu angemupatia pensi sita kila siku mpaka kufa. Pansiyo, ndugu zangu! Shakespeare aliweka ile hesabu mu kinywa ya mufanyakazi zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Kule Uingereza, mu 2016, Royal Shakespeare Company ilizungusha hii komedi mu inchi. Wachezaji wa kazi walicheza washefu na pepo, lakini wale mafundi sita walichezwa na watu wa makundi ya kartye, makundi 14, wenye wako na kazi zao ingine. Mu sehemu moja na ingine Bottom alikuwa mwanamuke. Ku Newcastle ilikuwa People's Theatre, kundi yenye wasosialisti walianzisha mu 1911. Newcastle ni muji wa makaa ya mawe. Mu ile sehemu mugodi wa mwisho wa chini ya udongo, Ellington, ulifungwa 2005. Migodi ilikufa, tiyatre haikukufa.

Na sisi? Miaka imepita, siku ya 1 Mei, mu kampuni moja sitaitaja, tulicheza kipande kifupi juu ya viatu vya kazi vyenye havifikake. Mimi nilikuwa kapita. Wakubwa walicheka mpaka machozi, wakatupatia bia. Viatu havikufika. Nilirudi nyumbani na kasirani: walichekea kapita, ao walituchekea sisi?

Mu Shakespeare pia, shefu na rafiki zake wanakatakata mafundi na vichekesho, wale wako wanacheza. Lakini Bottom anaacha kidogo muchezo, anamugeukia shefu na kumurekebisha: hapana, bwana, haiko vile. Hapo ndipo tulikosa ile 1 Mei. Tuliinamisha kichwa na tukakunywa bia.

Sasa vijana wa kartye yetu wanataka kucheza hii komedi mu Swahili, na wanaomba sale ya sendika. Wandugu wamoja wanakataa: mishahara inachelewa, na ninyi munataka punda? Tena wanasema Shakespeare haiingie mu Swahili. Mwalimu Nyerere alitafsiri komedi yake ingine, akaiita Mabepari wa Venisi, mu 1969. Na hapa Lubumbashi, Mufwankolo na kundi yake walionyesha mu radio na televizyo namna Swahili yetu inachekesha na kuuma.

Mimi nitapiga kura ya ndiyo, na masharti mbili. Mafundi sita wachezwe na watu wenye wanatoka ku posti, bamama pia. Na viti vya mbele visiwekwe juu ya wakubwa. Wenye kutaka waje, wakae kati yetu.

Kura ni siku ya mungu, kisha misa. Simba bado hajapatikana.