Kizuizi cha katikati chaokoa gharama ya banda la pili la sungura

WAFUGAJI wengi wadogo wa sungura huanza na jike mmoja na dume mmoja, wote katika kizimba kimoja, kwa matumaini kwamba wataongezeka wenyewe. Kuongezeka wanaongezeka, lakini faida haionekani. Mayai ya sungura jike hutoka baada ya kupandwa, hivyo hana haja ya kusubiri siku za joto kama ng'ombe. Jike aliyezaa asubuhi anaweza kupandwa siku hiyo hiyo na kushika mimba, ambayo huchukua takriban siku 31. Matokeo yake ni kwamba ananyonyesha uzao mmoja huku amebeba mwingine. Hukonda, maziwa hupungua, na watoto huanza kufa. Hapo mfugaji hulalamika kwamba aliuziwa mbegu mbaya.

Dawa inajulikana, nayo ni kuwatenganisha. Kinachokwamisha ni gharama ya kizimba cha pili, na ndiyo maana kazi hii huahirishwa mwezi hadi mwezi.

Tupige hesabu. Chukua kizimba chenye urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na kimo cha 45. Kujenga kingine cha 60 kwa 60 chenye kimo hicho hicho kunahitaji sakafu, paa na kuta nne, jumla mita za mraba 1.8 za mbao na wavu. Kizuizi cha kukigawa cha kwanza katikati ni sentimita 60 kwa 45 tu, yaani mita za mraba 0.27. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya sita, na mara nyingi mabaki ya ujenzi yanatosha.

Tengeneza fremu kwa mbao za inchi 1 kwa 2. Nusu ya chini iwe ubao mtupu, kwa kuwa madume hurusha mkojo na sungura hung'atana vidole kupitia wavu. Nusu ya juu weka wavu mgumu wenye matundu ya nusu inchi ili hewa ipite. Kwa maeneo ya joto kama Dar es Salaam na Tanga jambo hili si la kupuuza, kwani joto kali hupunguza uwezo wa dume kuzalisha. Kati ya madume wawili, ziba kwa ubao hadi juu na uongeze wavu kwenye kuta za nje.

Kizuizi kisipigiliwe misumari moja kwa moja. Pigilia vipande viwili vya mbao sambamba kwenye ukuta wa mbele na viwili kwenye ukuta wa nyuma, ukiacha nafasi ya kizuizi kuteleza kutoka juu, kisha paa lifungwe kwa bawaba. Kama kizimba hufunguliwa kwa mbele, njia hiyo iwe kwenye paa na ukuta wa nyuma. Usiiweke sakafuni, maana hujaa kinyesi na kuoza. Uwazi wa chini usizidi nusu inchi. Kingo zote zikunjiwe bati, kwa sababu sungura hutafuna mbao usiku kucha, na kwa sababu hiyo hiyo usitumie mbao zilizopakwa rangi, dawa ya wadudu au oili chafu.

Kabla ya yote hayo, kata mlango wa pili. Nimeona vizimba vilivyogawanywa vizuri ambavyo upande mmoja haufikiki bila kung'oa kizuizi, na mfugaji akachoka baada ya wiki moja. Kila upande uwe na mlango wake, chombo cha chakula na cha maji.

Faida ya kizuizi kinachotoka huonekana jike anapozaa. Wakati huo kiondoe ili apate kizimba chote pamoja na watoto wake, dume akiwa amehamishwa. Baada ya kuwaachisha kunyonya, kirudishe, na watoto wa kiume watengwe na wa kike kabla hawajafikisha miezi mitatu. Siku ya kupandisha, mbebe jike umpeleke kwa dume, kisha umrudishe. Ukimpeleka dume kwa jike, huenda akapigwa kwa kuingia kwenye himaya ya mwenzake.

Hata hivyo, kizuizi hakiongezi nafasi. Nusu ya kizimba hicho inamtosha sungura mkubwa mmoja, au wadogo wanne wanaokua. Aliyepata watoto wanane na anataka kuwafuga hadi kuuza atahitaji banda lingine, na gharama hiyo aiweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Vilevile, kizuizi chenye wavu hakizuii ukurutu. Sungura anayejikuna masikio hadi kutoa magamba atolewe kabisa, awekwe mbali, na upande wake usafishwe kabla ya kuingiza mwingine.