Mbuni si ndege pekee

Juzi nikisahihisha insha za kidato cha pili, nilikumbana na sentensi hii: "Babu yangu ana mikahawa mia mbili." Nikadhani mzee huyo ni bwanyenye wa mahoteli. Kumbe mtoto alikuwa anazungumzia shamba la kahawa!

Simlaumu. Embe hutoka kwenye mwembe, chungwa kwenye mchungwa. Mbona kahawa isitoke kwenye mkahawa? Ila mkahawa ni mahali pa kunywea. Kahawa ni kinywaji ama unga wake, punje zisizokaangwa ni buni, na mmea wenyewe ni mbuni. Buni ni neno la Kiarabu, bunn. Waamhari nao husema buna.

Na ni kwao Ethiopia, katika misitu ya milimani kusini magharibi, ambako mbuni wa arabika huota wenyewe chini ya kivuli cha miti mirefu. Maua yake ni meupe, yananukia kama asmini. Tunda likiiva huwa jekundu, na ndani mna punje mbili zilizobanana kama pacha. Baganda na Wahaya, ambao mbuni wao wa jadi ni robusta, waliutumia upacha huo katika kuchanjiana: kila mmoja alipaka punje moja damu yake, mwenzake akaila, wakawa ndugu.

Sasa njoo kwetu Kenya. Mwambie mkulima "mbuni" uone atakavyokunja uso. Kwake hilo ni jina la matunda yaliyokaushwa na maganda yake, yanayolipwa bei ya kutupwa. Mwanafunzi naye anaona ndege mkubwa asiyeruka. Mmea umebaki bila jina, ilhali sarufi iko wazi: mibuni imechanua, mbuni wametoroka, wabuni wametunga.

Linaniuma kwa sababu mmea wenyewe nao unatuponyoka. Mnamo 2019 watafiti walieleza kwamba kati ya spishi 124 za mibuni ya mwituni, asilimia 60 zimo hatarini kutoweka, arabika ikiwemo. Misitu inafyekwa, joto linazidi.

Yule mwanafunzi sikumkata alama. Nilimwandikia pembeni kwa wino mwekundu: "Muulize babu, mibuni yake huchanua mwezi gani?"