Je, Wajua? Mastodon na moto wa Remission

Je, wajua kwamba mastodoni alikuwa mnyama wa jamii ya tembo, na ametoweka duniani kwa maelfu ya miaka? Jina lake lilichukuliwa na vijana wanne wa Atlanta, Marekani, walioanzisha bendi mwaka 2000. Mei 2002 wakatoa Remission, albamu yao ya kwanza ya studio, yenye nyimbo 11.

Wajua walivyokutana? Mpiga dramu Brann Dailor na mpiga gitaa Bill Kelliher walihamia Atlanta kutoka jimbo la New York. Kwenye onyesho la bendi ya High on Fire wakafahamiana na Brent Hinds wa gitaa na Troy Sanders wa besi.

Mizizi yao ni slaji metali, muziki mzito: nyuzi za gitaa hulegezwa mpaka sauti ishuke chini kabisa, mwendo hukokota, mwimbaji hupayuka. Melvins wa jimbo la Washington waliutangulia katika miaka ya 1980, kisha Eyehategod na Crowbar wakaukomaza New Orleans. Mastodon waliutia kasi. Na hapo, kwangu mimi, shujaa ni Dailor. Wapiga dramu wengi hushika mwendo na kuyaachia magitaa yasimulie; yeye anasimulia mwenyewe, mikono haitulii, na bado wimbo haupotezi njia.

Je, wajua chanzo cha jina Remission? Dailor alipokuwa kijana, dada yake mwenye miaka 14 alijiua. Alibeba uchungu na hasira kwa miaka mingi, na amesema wazi kwamba albamu hii ilihusu kusamehe na kupona. Ukilijua hilo, makelele yale unayasikia upya: ni mtu anayeomboleza kwa nguvu zake zote. Mwaka 2009 bendi ilimkumbuka tena dada huyo kwa albamu ya Crack the Skye. Skye lilikuwa jina lake.

Farasi anayewaka moto kwenye jalada alichorwa na Paul Romano. Kila albamu ya mwanzo ilibeba asili yake: moto ni wa Remission; albamu ya Leviathan ya 2004 ikafuata na maji, na Blood Mountain ya 2006 na ardhi.

Mngurumo unaofungua wimbo wa kwanza? Ni wa dinosaria wa filamu ya Jurassic Park.

Na wajua Elephant Man, kipande cha mwisho kisicho na maneno, ni cha nani? Ni cha Joseph Merrick, Mwingereza wa karne ya 19 ambaye maumbile yake yalifanywa maonyesho ya kulipiwa kiingilio. Albamu tatu za mwanzo za Mastodon zote zinafungwa kwa muziki wa kumkumbuka yeye. Watu walilipa wamkodolee macho. Bendi hii ilimpa heshima, mara tatu mfululizo.